Mwaka wa Maji ya Depo

Papa Labo tulimzika mwezi uliopita hapa Kasuku, na kwenye matanga yake watu walikuwa wengi kuliko bugali. Nililijua hilo mapema, maana nilipita kati ya mikeka nikahesabu vichwa, nikarudi kwa njia ya pili nikahesabu tena, halafu nikaenda jikoni kuwaambia wapishi wapunguze matonge. Zaituni, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, miguu ameinyoosha, akaninong'oneza: "Feza, hata kwenye kilio unapima?" Nikamjibu kwamba marehemu simpimi, napima wazima, hao ndio wanaokula. Tukacheka ndani ya vitambaa vyetu, na waliotuona walidhani tunalia, wakatuonea huruma. Matanga yalipovunjwa, mpwa wa marehemu, binti aliyesomea kemia Kisangani, alitupandisha pikipiki akatupeleka nyuma ya depo ya zamani ya madini ili atuonyeshe kazi anayofanya na wenzake. Maji machafu yaliyooshewa mchanga mweusi yanaingia kwa bomba upande mmoja, yanapita kati ya vioo na mabamba yaliyogeuziwa jua, nyaya zinatoka kwenye paneli na kushikana na mabamba, na upande wa pili yanatoka maji ambayo urani yake imebaki nyuma, imeganda kwenye bamba kama ukoko. Alieleza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyeeleza mara nyingi. Zaituni na mimi tukatazamana. Binti akadhani hatujaelewa, akaanza upya kwa maneno madogo zaidi, nasi tukamwacha aendelee. Ungemwambiaje mtoto mwenye koti jeupe na mashine ya kupimia kwamba kitu kile kile tuliwahi kukaa nacho uani, kwenye beseni la kufulia, mwaka wa vita, na kwamba shida yetu yote ilikuwa moja tu: hatukuwa na mashine ya kupimia?

Namna nilivyofika kwenye nyumba ya mwaka ule haina maana. Vita inapanga watu bila kuwauliza. Ilikuwa nyumba ya matofali mabichi, yenye korido moja na vyumba vitatu. Cha kwanza kilikuwa changu mimi na magunia yangu ya chumvi, ambayo kila wiki yalizidi kuwa magunia na kupungua kuwa chumvi. Cha katikati walikaa Zaituni na mume wake Ramazani, mchimbaji wa Pangi aliyeshuka mjini kuuza mchanga wake akafungiwa na vita kabla hajapata mnunuzi. Cha mwisho kilikuwa cha Papa Labo, mzee mwembamba ambaye zamani alipima madini kwenye maabara ya kampuni, labo kama tulivyoiita. Kampuni iliondoka, maabara ikaondoka, jina likabaki na yeye. Kuta hazikufika kwenye mabati, kwa hiyo tulisikilizana mpaka tukitafuna. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mawese, na bugali la muhogo lililokandwa jembamba ili lionekane jingi kwenye sahani, hila ambayo naijua vizuri kwa sababu niliitumia mimi. Treni haikuja tena. Ukitoka kwenda shambani upande wa Kailo, wapiganaji wa msituni walikuita mpelelezi wa mji. Ukirudi, wanajeshi wa mji walikuita mpelelezi wa msitu. Na mto, Lualaba yote ile inayopita mbele ya macho yetu, ulikuwa wa wenye bunduki. Wanawake walioteremka na bidoni za kuchotea walipigiwa risasi kutoka ng'ambo, na wanaume walioteremka kuwatafuta walikamatwa kubeba mizigo. Tulikaa kando ya maji yanayotosha nchi nzima, na tukawa na kiu. Hiyo bei sijawahi kuielewa.

Kwa hiyo watu wa upande wetu walichota nyuma ya depo, kwenye bwawa ambalo kampuni iliacha, mahali mchanga wa migodi ulipooshwa miaka na miaka. Maji yake yalikuwa mazuri kuyatazama. Hayakunuka, hayakuwa na rangi, hata sabuni yalishika. Zaituni alikuwa na mimba ya kwanza iliyokwishaonekana, na miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki kama kwenye unga uliokandwa. Mwuguzi wa kituo cha karibu alimtazama macho na miguu, akasema ni figo, anywe maji mengi na safi, na akalitamka hilo neno "safi" huku akiangalia pembeni. Asubuhi moja, kabla ya uji, niliwasikia kupitia ukuta.

"Leo tena mkojo imetoka kidogo," alisema Zaituni. "Kama kijiko."

"Usimwambie Feza," alisema Ramazani. "Atakuja kuhesabu."

Walicheka kidogo, na kicheko kile kilinitisha kuliko risasi za ng'ambo. Halafu mlango wa mwisho ukafunguka. Papa Labo, ambaye alisalimia kila mtu lakini hakuongea na mtu, akasimama kwenye korido na kikombe mkononi, akauliza kwa lugha ya kwetu, ambayo "ndio" inaitwa "njo".

"Binti, maji unakunywa njo ile ya depo?"

"Na weye Papa unakunywa ya wapi?" Zaituni alijibu. "Ya mbinguni?"

"Ndiyo," alisema mzee, na ilikuwa kweli. Alikuwa na pipa la maji ya mvua ya mwisho chini ya mabati, limebaki robo. Akakaa kwenye kizingiti chao akawaambia, nami nikatoka kusikiliza bila aibu. Ndani ya ule mchanga mweusi, alisema, muna jiwe lingine ambalo halionekani kwa jicho, linaitwa urani. Ukiosha mchanga, sehemu yake inayeyuka, inaingia kwenye maji kama chumvi inavyoingia, isipokuwa haina ladha. Watu wote wanaogopa kusikia jina lake kwa sababu ya mabomu, lakini ndani ya maji adui wake wa kwanza ni figo. Ramazani akasema watachemsha. "Ukichemusha," alisema Papa Labo, "maji inapungua, urani inabaki. Utakuwa unamupikia supu yake."

Alimpa Zaituni pipa lake siku hiyo hiyo. Tulijua wote kwamba robo ya pipa haifiki kwenye mvua. Ndipo akaniita mimi, kwa sababu kila mtu kwenye barabara ile alijua kwamba kitu kisichopatikana mjini kinapatikana kwa Feza, ukiwa na subira. Alitaka vitu vya ajabu. Alitaka ule unga mweupe wanaotia kwenye rangi ya ukuta, na ikiwezekana usiochanganywa. Alitaka kipande kikubwa cha kioo cha dirisha. Alitaka paneli ya jua na betri. Alitaka chupa ya lotoko, ile pombe kali ya kukamua kwa moto.

"Papa, urani inalewa?" nilimwuliza.

"Wewe tafuta."

Unga niliupata kwa fundi wa rangi aliyekuwa hana ukuta wa kupaka. Paneli nilifuata kwa mwenye foni, yule aliyekuwa na redio ya kupigia watu wa mbali, na ambaye tangu vituo vingine vinyamaze alikaa mbele ya mashine yake kama mganga aliyeachwa na mizimu. Alianza kwa kusema haiwezekani. Nikakaa. Akasema paneli ni ya kazi. Nikamwuliza kazi gani, tukasikiliza wote foni ikikoroma. Nikamfungulia fundo la chumvi, nikamwonyesha, nikafunga tena, maana chumvi ikionekana sana inazoeleka. Tulipomaliza, nilikuwa na paneli na betri kwa azima, na yeye alikuwa na chumvi na kipande cha sabuni, na kila mmoja aliamini amemwonea mwenzake. Hayo ndiyo mapatano mazuri. Juu yake nikadai matabishi, kile kidogo cha mwisho bila ambacho biashara ya kwetu haijaisha. Akanipa waya.

Papa Labo alikuwa na mabamba mawili ya chuma kisichoshika kutu, mali ya maabara iliyobaki chini ya kitanda chake. Moja alilipaka ule unga mweupe akalichoma juu ya makaa mpaka ukashika. La pili aliliacha uchi. Yote mawili aliyatumbukiza kwenye beseni la maji ya depo, akayaunganisha na betri kwa waya, akamimina kizibo cha lotoko, akafunika kwa kioo ili hewa isiingie sana, akageuzia jua. Alinieleza mambo hayo kwa lugha ya sokoni, nafikiri kwa kunihurumia. Urani iliyoyeyuka, alisema, ni kama mutu anayezunguka soko kwa sababu kuna kitu anakosa. Ukimpa kile anachokosa, anakaa chini. Mwanga wa jua unakiamsha hicho kitu kwenye unga mweupe, umeme unakisukuma kupita kwenye waya mpaka kwenye bamba la pili, na pale urani inakipokea, haiwezi kuyeyuka tena, inaganda. Na lotoko? Lotoko inakula vurugu inayobaki upande wa bamba jeupe, ili kazi isirudi nyuma. "Na mimi Mwislamu nitakunywaje maji yaliyokunywa pombe?" aliuliza Zaituni, na mzee, ambaye hakujua utani, akamweleza kwa kirefu kwamba tutayachemsha baadaye na pombe yote itaondoka. Sharti moja lilituchosha roho. Jua likielekea kuzama, lazima bamba litolewe kwanza. Likibaki ndani bila mwanga na bila umeme, hewa inaigusa ile urani na inarudi kwenye maji, na kazi ya siku imekufa. Kwa hiyo kila alasiri tulikaa tukitazama vivuli vya migomba kama watu wanaongoja hukumu.

Maji yaliyotoka yalikuwa kidogo. Beseni moja kwa siku nzima ya jua, na siku ya mawingu hakuna kitu. Tuliyakusanya kwenye beseni kubwa lenye kifuniko mpaka yafike kiasi cha kumwanzishia Zaituni bila kukatiza, maana pipa la mvua lilikuwa linakwaruza. Siku tuliyopanga aanze, nilirudi kutoka sokoni nikamkuta Ramazani uani, uso unang'aa, beseni kubwa limefunikwa kichwa chini, likikauka.

"Shemeji!" aliniita. "Mali niliiokoa yote. Hata chembe haikupotea."

Alikuwa ameshika kifuko cha nailoni chenye vumbi jeusi, jembamba kama masizi ya chini ya chungu. Alikuwa amekwangua bamba, kwa uangalifu, kwa ncha ya kisu, kama anavyokwangua karai lake kule Pangi. Mtu yule tangu utoto alifundishwa jambo moja: unachota, unazungusha, unamwaga maji, na kinachobaki chini ndicho utakachokula. Hajawahi maishani mwake kuona mtu anaosha mchanga kwa ajili ya maji. Siku zote zile tulipozungumza habari za safi na chafu, yeye alielewa kwamba muzee ana ujuzi mpya wa kutoa mali, na sisi tunafanya siri. Alikuwa ameyamwaga maji ya mke wake kwenye migomba.

Zaituni alitoka akaangalia beseni, akaangalia migomba. "Mume wangu," alisema polepole, "umenimwagia." Ramazani alipoelewa alikaa chini mahali alipokuwa, mavumbini. Hakuna aliyemgombeza. Papa Labo alisema tu kwamba migomba isiguswe ndizi zake, akauliza kama kile kifuko kimeonyeshwa mtu. Ramazani akainamisha kichwa. Alikuwa amepita kwa mnunuzi mmoja kuulizia bei.

Komanda wa wanajeshi wa mji alifika kesho yake mchana, na askari wawili, jua likiwa utosini na bamba likiwa kazini. Alikuwa kijana mwenye viatu vizuri kuliko uso. "Njo huyu anatoa urani?" aliuliza. Papa Labo alisimama, akavua kofia, akaanza kusema ukweli. Alisema ni sumu. Alisema ni kidogo mno. Alisema haifai kushikwa, haifai kuvuta pumzi yake, dunia nzima inaichunga. Kwa kila neno niliona macho ya komanda yanakua. Miaka yote ya soko sikuwahi kuona bidhaa inayopanda bei kwa kutukanwa, ya kwanza ilikuwa ile. Nilijua mzee akiongeza sentensi moja, komanda ataondoka naye, amfungie mahali amtengenezee gunia zima la urani, na Zaituni atabaki na bwawa. Nikatanguliza mdomo.

"Komanda, usimusikilize, huyu anakupandishia bei. Chukua yote! Kifuko njo hiki. Chukua na beseni. Chukua bamba. Nakuongezea mutungi, matabishi yako."

Akanigeukia. "Mbona unatoa mbio mbio hivi?"

"Nimechoka kuiweka. Wanunuzi walikuja, wakaangalia, wakaenda zao."

"Walisema nini?"

"Walicheka, Komanda. Ila weye unaweza kuwa na bahati. Chukua, chukua, nifungie wapi?"

Hakuna mtu wa Kongo asiyemwogopa muuzaji mwenye haraka. Alifungua kifuko, akachungulia, akakiona kile kinachofanana na masizi ya chungu. Alikisogeza puani, nami nikabana pumzi kwa niaba yake. Mwishowe akakitupa mapajani kwa Ramazani na kusema kwamba sisi ni wajinga wa kijiji, lakini betri na paneli vinaweza kupiga simu za adui, kwa hiyo vinachukuliwa kwa usalama wa mji. Askari wakang'oa waya. Walipotoka, Papa Labo aliniangalia kama mtu aliyeona mwizi akiswali. Kifuko Ramazani alikizika chini ya saruji ya depo, kwenye shimo alilolichimba mwenyewe, refu, la mchimbaji. Mwenye foni nilipomwambia, alimshukuru Mungu kwamba paneli ilichukuliwa kwangu. Kwake wangeondoka na foni pia.

Tukabaki na jua peke yake. Papa Labo alisema jua bila umeme linafanya kazi hiyo hiyo ila kwa uvivu. Urani itaganda kwenye ule unga mweupe wenyewe, ikipenda. Alipaka bamba upya, akakaa karibu na beseni mchana kutwa akilikoroga chini ya kioo kwa kijiti. Ramazani sasa alilinda maji yale hata dhidi ya nzi. Pipa la mvua likaisha. Miguu ya Zaituni haikuingia tena kwenye ndala, na uso wake asubuhi ulikuwa na macho ya mtu mwingine. Siku beseni lilipotosha, mzee alimletea kikombe, na mimi bila kufikiri nilikuwa nimechota kikombe cha pili cha bwawani ili tulinganishe. Tuliviweka pamoja kwenye kizingiti. Vilikuwa sawa. Nilivigeuza, nikavitazama upande wa jua, nikanusa, vilikuwa sawa.

"Hii yako," aliuliza Zaituni, "iko safi?"

Papa Labo aliinama juu ya vikombe. "Sijui," alisema. "Najua namna inavyofanya kazi. Kiasi gani imetoka, sijui. Sina cha kupimia."

Ramazani akachukua bidoni, akasema anateremka mtoni. Jirani yetu mmoja alikuwa ameteremka juzi yake, na habari za mwisho zilisema ameonekana njia ya Lubutu, sanduku la risasi kichwani. "Ukienda," Zaituni alimwambia, "nitapata maji bila mume. Kaa." Halafu akanigeukia mimi. "Feza, weye njo mutu wa soko. Ungenunua ipi?"

Mpaka leo sijaulizwa swali zito kuliko lile. Nilimwambia kitu pekee nilichokijua kwa hakika. Sokoni, anayeapa, usinunue kwake. Mwaka ule wote tuliapiwa: komanda aliapa kwamba njia itafunguliwa, wa msituni waliapa, mwuguzi naye karibu aape. Huyu hajaapa. Zaituni akacheka puani, akachukua kikombe, akanywa mpaka chini, na akaomba kingine.

Nilimwuliza binti wa koti jeupe, siku ile ya pikipiki, kama mashine yake inaweza kupima maji ya zamani, yaliyokwishanywewa. Alinitazama kwa adabu akasema hapana, bibi. Najua pia kwamba kuna uvimbe wa mimba unaoondoka wenyewe mtoto akitoka. Wauguzi wamenieleza, wa kwanza na wa pili niliyekwenda kuhakikisha kwake. Kwa hiyo sidai kitu. Nasema tu kwamba alikunywa yale maji kila siku jua lilipotoka, na siku zisizo na jua alikunywa nusu kikombe akalamba midomo, na sisi watatu tulimtazama akinywa kama watu wanaomtazama mtu akivuka daraja bovu.

Mvua zilianza wiki aliyojifungua, na mabati yakajaza kila chombo cha nyumba ile. Mtoto alikuwa msichana, mweusi, mwenye kelele. Wamama wa barabara nzima wakajaa kwenye chumba cha katikati na ndizi zao na sabuni zao, kila mmoja akisema kafanana na nani. Papa Labo hakuingia siku ya kwanza, wala ya pili. Ya tatu alisimama mlangoni na kofia mkononi, wamama wakampisha aone mtoto. Hakumtazama mtoto. Hakuuliza jina, wala kama ni wa kiume au wa kike. Mbele ya wote, kwa sauti ya mtu aliyekaa na swali moja siku nyingi, alimwuliza mzazi:

"Binti, unakojoa?"

Mama mmoja akaziba mdomo kwa kitenge.

"Mingi, Papa," alisema Zaituni. "Mingi kabisa. Tangu jana wananipeleka nje kama mbuzi."

Mzee akaketi pale pale chini, katikati ya miguu ya wamama, akafuta uso wote kwa kofia, na akauliza kama kuna chakula.